Mboga ya Mbwa Hutolewa Kabla ya Kuunga

Mkojo wa Doria ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozidi majani. Niliuona asubuhi ya Jumanne kwenye saruji karibu na banda lake, nikadhani ni maji ya kutu yaliyovuja kutoka kwenye ndoo kuukuu, mpaka alipotoka mwenyewe akitembea kama mzee aliyeamshwa usiku wa manane, akapiga hatua tatu na kulala tena. Doria ni mbwa jike wa kienyeji mwenye uzani wa kilo 18, na katika miaka minne ya kulinda nyumba yetu hapa Morogoro sikuwahi kumwona akisikia bodaboda getini asiamke. Nilimfunua mdomo. Ufizi ambao siku zote huwa na rangi ya waridi ulikuwa mweupe, tena weupe unaoelekea manjano.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo nikiwa na hakika kwamba kuna mtu amemtegea sumu, kwa kuwa hilo ndilo wazo la kwanza la kila mfuga mbwa wa mjini. Daktari alimpima, akamtoa damu kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, tangu Jumamosi huyu amekula nini?" Jumamosi kulikuwa na sherehe ya kipaimara kwa jirani, na kama ilivyo desturi ya mtaa wetu, sisi wenye mbwa tulirudi nyumbani kila mmoja na beseni lake la makombo. Nikaanza kutaja: mifupa ya mbuzi, ukoko wa pilau, ngozi za kuku. Daktari aliandika bila kuinua uso. Nilipofika kwenye kachumbari, ambayo ilikuwa imebaki karibu nusu beseni kwa sababu watoto hawakuigusa, aliacha kuandika akasema, "Hapo hapo."

Tangu siku ile nimeulizwa mara nyingi kama basi mbwa hapaswi kuonjeshwa mboga kabisa. Mimi huona kwamba swali lenyewe limekaa upande. Mbwa anaweza kula sehemu kubwa ya mboga zinazoshuka kutoka Mgeta na kumwagwa sokoni kwetu kila asubuhi, na baadhi yake zinamfaa. Kinachomdhuru, katika nyumba zetu, mara nyingi ni kile tunachokitia katika mboga ili sisi tuifurahie. Mbwa wangu hakuangushwa na nyanya wala tango lililokuwamo katika kachumbari ile. Aliangushwa na kitunguu.

Kitunguu maji, kitunguu saumu na vitunguu vya majani ni ndugu wa ukoo mmoja, na wote wana kemikali za salfa ambazo mwilini mwa mbwa huishambulia himoglobini, yaani ile sehemu ya chembe nyekundu za damu inayobeba hewa ya oksijeni. Himoglobini iliyoharibiwa hugandana na kufanya vinundu vidogo kwenye ukingo wa chembe, ambavyo wataalamu huviita miili ya Heinz, kwa jina la daktari Mjerumani Robert Heinz aliyevieleza mwaka 1890. Mwili huiona chembe yenye kinundu kuwa mbovu na kuivunja, na zinapovunjwa nyingi kwa pamoja mbwa hupungukiwa damu bila kutokwa na hata tone moja nje, isipokuwa ile rangi inayochujwa na figo na kuonekana kwenye mkojo. Jambo hili lilijulikana zamani: mwaka 1930 mtafiti W. H. Sebrell alichapisha nchini Marekani maelezo ya upungufu wa damu uliotokana na kuwalisha mbwa vitunguu.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haina haraka. Mbwa anaweza kutapika au kuharisha siku ileile, lakini anaweza pia kulamba beseni, akalala vizuri, akaamka na kubweka kama kawaida, halafu udhaifu ukaonekana baada ya siku kadhaa, wakati wenye nyumba wamekwisha kusahau sherehe. Ndiyo maana daktari aliuliza habari za Jumamosi na si za jana yake.

Kiasi kinachotajwa katika vitabu vya tiba ya mifugo ni kwamba madhara huonekana pale mbwa anapokula, kwa mara moja, vitunguu vinavyozidi asilimia 0.5 ya uzani wa mwili wake. Kwa Doria hiyo ni gramu 90 tu, na kitunguu kimoja cha wastani cha Mang'ola hufika hapo na kupita. Kitunguu saumu ni kikali zaidi kwa uzani uleule. Kuchemsha hakusaidii, kukaanga hakusaidii, kukausha ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa maji yakiondoka sumu hubaki imejikusanya. Kwa hiyo vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vya vipande, ambavyo aghalabu vina unga wa vitunguu pamoja na chumvi nyingi, havipaswi kukaribia bakuli la mbwa. Na desturi yetu ya kuosha kitunguu cha kachumbari kwa chumvi ili kukipunguza ukali haipaswi kumdanganya mtu. Ukali unaopungua ni ule wa machoni na mdomoni mwetu.

Mzee wa nyumba ya tatu, ambaye amefuga mbwa tangu kabla sijaajiriwa, aliposikia habari hizi alinijia akicheka. "Mwalimu, mbwa ni mbwa tu. Wa kwangu wanakula mchuzi wa nyumbani miaka yote, mbona hawajafa?" Nilimwamkia vizuri na kumjibu kwa adabu, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa: wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo mbwa alikula ugali uliomwagiwa mchuzi, akazeeka. Lakini mchuzi wa kila siku wa nyumba ya kawaida huwa na kitunguu kimoja kwa watu sita, na anachopata mbwa ni yale maji ya mwisho ya sufuria. Kiasi hicho kinaweza kumpunguzia damu kidogo kidogo, akaonekana mvivu tu au aliyekonda, na nani kati yetu aliwahi kumpima damu mbwa wa baba yake? Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba mmoja wa mbwa wake, yule mwekundu, siku hizi halali getini tena. Sikusema ni vitunguu. Nilimpa namba ya daktari.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kanuni ya jikoni kwetu, ambayo ni fupi kiasi cha kumfundisha hata mgeni wa siku moja: mboga ya mbwa hutolewa kabla ya kuunga. Mpishi anapochemsha karoti, malenge au kabichi, huchota sehemu ya mbwa ikiwa chukuchuku, bila chumvi, bila mafuta, bila pilipili, akaiweka pembeni ipoe. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye kikaango chenye kitunguu. Mwanzoni msaidizi wetu wa nyumbani aliona aibu kumpa mbwa chakula kisichoungwa, kana kwamba ni kumnyanyasa, na nilimwelewa, kwa maana katika lugha yetu chakula cha chukuchuku ni chakula cha mgonjwa au cha mtu aliyekosa. Doria mwenyewe hakulalamika hata siku moja.

Karoti ndiyo ninayoitumia zaidi. Mbwa, tofauti na paka, anaweza kuigeuza karotini ya karoti kuwa vitamini A, lakini sharti mboga iwe imelainishwa, kwa kuwa kuta za chembe za mimea zimejengwa kwa selulosi ambayo tumbo la mbwa haliwezi kuivunja. Ukimpa kipande kibichi atafurahi kukitafuna, na kesho yake utakikuta uani kilivyoingia ndivyo kilivyotoka. Kwa hiyo ninaichemsha na kuiponda kwa mwiko, au ninaikuna ikiwa mbichi. Malenge yaliyochemshwa ni mazuri kwa mbwa aliyefunga choo au anayeharisha kidogo, kwa sababu ufumwele wake hushika maji na kulainisha kilichokauka, na uleule hukusanya kilicholegea. Maganda na mbegu ninavitoa. Viazi vitamu vilivyoiva ni sawa. Tango ni maji karibu matupu, nalo humfaa mbwa mnene anayeomba kila unapofungua mlango wa jiko. Maharage mabichi ya maganda, yale tunayoyaita maharage machanga, yaliyochemshwa, hayana shida.

Kabichi na sukuma wiki zimo katika kundi la mboga zinazojaza gesi, na aliyewahi kulala chumba kimoja na mbwa aliyekula kabichi hahitaji maelezo zaidi. Kidogo, iliyoiva, haidhuru. Mchicha na spinachi zina oksaleti nyingi, ambayo hushikana na kalsiamu na yaweza kuchangia mawe ya njia ya mkojo, hivyo ninazichemsha, ninamwaga yale maji ya kijani, na sizitoi kila siku. Mbwa mwenye matatizo ya figo au mawe hapewi kabisa.

Nyanya iliyoiva vizuri, kidogo, haina neno, lakini mbichi ya kijani pamoja na majani na vikonyo vyake vina sumu, na mbwa mdogo anayechimba bustanini huanza na hivyo hivyo vikonyo. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani au kuchipua kina sumu iitwayo solanini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, basi kiazi ambacho wewe mwenyewe ungekitupa usikipeleke kwa mbwa kwa kisingizio kwamba yeye hachagui. Parachichi lina kemikali iitwayo pesini, ambayo ni hatari kwa ndege, mbuzi na farasi kuliko kwa mbwa. Kwa mbwa ninaogopa zaidi kokwa, ambalo huteleza na kukwama utumboni, na yale mafuta mengi, ambayo yanaweza kumwasha kongosho.

Muhogo unastahili aya yake, kwa kuwa ndugu zetu wa mtandaoni walioko ng'ambo hawautaji na sisi tunao kila uani. Muhogo mbichi una kemikali ambayo, ukitafunwa au kupondwa, hutoa sianidi, na sehemu zilizo na sumu nyingi zaidi ni ganda na majani, yaani zilezile tunazozitupa chini tunapomenya, mbwa akiwa amekaa hapo hapo anangoja. Muhogo uliomenywa na kuchemshwa ukaiva kabisa, kutoka aina tamu, ninampa kipande kidogo. Maganda ninayazoa kabla sijainuka. Kisamvu ni habari nyingine: kikipikwa ipasavyo, kwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, sumu hutoka, lakini katika nyumba nyingi, yetu ikiwamo, kisamvu hutwangwa pamoja na kitunguu saumu tangu kinuni. Hapo hakuna "kabla ya kuunga". Doria hapewi kisamvu.

Kwa kuwa nimetaja kitunguu saumu, niseme wazi kwamba simkubalii anayekimpa mbwa kila asubuhi ili kutoa minyoo au kufukuza viroboto. Dawa za minyoo zipo katika maduka ya pembejeo za mifugo, zinapimwa kwa uzani wa mbwa, na hazivunji chembe za damu. Vivyo hivyo pilipili: nimesikia tangu utotoni kwamba mbwa wa ulinzi hupewa pilipili ili awe mkali. Mbwa aliyelishwa pilipili anaumwa tumbo, na mtu anayeumwa tumbo naye huwa mkali.

Jambo lililonishangaza zaidi katika kusoma kwangu ni ukwaju. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba zabibu, mbichi na kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mbwa mmoja afe kwa kiganja kimoja na mwingine asipate kitu. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walitoa hoja kwamba mhusika ni asidi ya tatariki, ambayo kiasi chake hutofautiana sana kati ya zabibu na zabibu, na mwaka uliofuata wakachapisha habari za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, tunda lenye asidi hiyohiyo kwa wingi. Msomaji wa Dodoma anazo zabibu, msomaji wa pwani ana juisi ya ukwaju na mchuzi uliotiwa ukwaju, na pilau ya sherehe mara nyingi hunyunyiziwa zabibu kavu juu. Nilipokumbuka beseni langu la Jumamosi nilishukuru kwamba mpishi wa jirani hakuwa mtu wa madoido.

Kuna hatari nyingine ambazo si za sumu. Gunzi la mahindi ya kuchoma linanuka chumvi na moshi, mbwa hulimeza kwa vipande vikubwa, na kwa kuwa haliyeyuki tumboni huweza kuziba utumbo hadi mbwa apasuliwe. Punje zenyewe hazina shida. Maharage makavu yasiyoiva yana lektini inayomtapisha mbwa kama inavyomtapisha mtu. Yaloweke, yamwage maji, yachemke kwa nguvu, na bado toa kidogo tu. Na mahindi yenye ukungu, ambayo katika nyumba nyingi husagwa "ya mbwa" badala ya kutupwa, ni hatari kubwa, kwa sababu ini la mbwa huathirika upesi na sumukuvu. Sumukuvu hiyohiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kutokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Pumba zilizokaa stoo tangu masika siziamini, hata zikiwa za bure.

Je, apewe kiasi gani? Wataalamu wa lishe ya wanyama husema vyakula vya nyongeza, mboga zikiwamo, visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mbwa wa ukubwa wa Doria mimi natoa vijiko vitatu vya kulia wali, vilivyochanganywa na chakula chake, ambacho ni ugali laini na dagaa waliooshwa ili kuondoa chumvi au mabaki ya nyama yasiyoungwa. Mtu asione haya kumpa mbwa ugali: utafiti uliochapishwa na wanasayansi wa Uppsala, Uswidi, mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa ana nakala kati ya 4 na 30 za jeni ya kuvunja wanga, wakati mbwamwitu ana 2 tu, maana yake ni kwamba amekaa nasi jikoni muda wa kutosha kubadilika mwili. Ila hakubadilika akawa mbuzi. Ugali na mboga bila dagaa, nyama wala yai humkondesha, na hata huko Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilianza mwaka 2018 kuchunguza magonjwa ya moyo kwa mbwa waliokuwa wakilishwa vyakula vilivyojengwa juu ya njegere na dengu.

Mboga mpya huianzisha peke yake, kipande kimoja, nikangoja siku mbili. Huiosha vizuri, kwa sababu mboga ya sokoni yaweza kuwa na mabaki ya viuatilifu, na mbwa wa kilo 5 hubeba mzigo huo kwa mwili mdogo.

Ikiwa mbwa amekula kitunguu kingi au zabibu saa hiyo hiyo, mpigie daktari kabla hajaonyesha dalili yoyote, umtajie uzani wa mbwa, alichokula, kiasi na saa. Daktari anaweza kumtapisha iwapo muda haujapita sana. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, kwani chumvi yenyewe humdhuru, wala usitegemee maziwa, ambayo kwa imani yetu huondoa kila sumu na kwa kweli hayaondoi hii. Sisi wa Morogoro tuna bahati ya kuishi jirani na Chuo Kikuu cha Sokoine na madaktari wa mifugo wanaohitimu hapo. Aliye mbali na mji aitafute namba ya ofisa mifugo wa kata yake leo, akiwa bado haihitaji.

Doria alitundikiwa maji, akapumzishwa, na daktari alirudi kumpima damu mara mbili. Alisema kama chembe zingeshuka zaidi ingebidi kutafuta mbwa mwingine wa kumtolea damu, na nilipomwambia mzee wa nyumba ya tatu, alijitolea yule mbwa wake mkubwa mweusi hata kabla sijamaliza kueleza. Haikufika huko. Mkojo ulianza kuwa mweupe siku ya tano, na wiki ya tatu alimfukuza muuza ndizi hadi kona. Siku hizi msaidizi wetu anapofungua kifuniko cha sufuria ya karoti, Doria huja kukaa kwenye kizingiti, na akisikia kisu kinakata kitunguu huinuka na kuondoka, ingawa nadhani hilo ni kwa sababu ya macho tu.